Usiulize Mwaka: Mwongozo wa Mnazi kwa Mgeni wa Kilifi

Mgeni wa aina hii hujulikana tangu anaposhuka kwenye uwanja wa ndege wa Malindi. Amesoma kitabu kimoja cha mvinyo, au amewahi kukaa meza moja na mtu aliyekisoma. Anajua kwamba mashamba ya mizabibu ya Bordeaux yalipangwa madaraja mwaka 1855 kwa ajili ya maonyesho ya Paris, na kwamba madaraja hayo yamebaki karibu vilevile hadi leo. Anajua kuinamisha glasi, kuikagua rangi mbele ya kitambaa cheupe, kunusa, kusukutua, kisha kutamka jambo kuhusu ngozi ya tandiko na matunda ya mwituni. Akishaketi, huuliza swali lake la pekee: "Mna kitu cha zamani?"

Pwani hii ina majibu mawili kwa swali hilo, na asipopata wa kumwongoza yote mawili yatamtia hasara.

Jibu la kwanza analo Mwitaliano. Waitaliano walianza kuzoeleka Malindi miaka ya 1960, wanasayansi wa Luigi Broglio walipokuja kujenga kituo cha San Marco kule Ngomeni, ambako setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Nyuma ya wanasayansi wakaja wenye hoteli, wenye piza na wenye aiskrimu, na leo kijana wa ufukweni ambaye hajawahi kufika Nairobi anaweza kukubembeleza kwa Kiitaliano kisicho na kasoro. Kwenye mikahawa yao utaletewa Barolo, mvinyo mwekundu ambao sheria ya kwao hairuhusu uuzwe kabla haujatimiza miezi 38, na 18 kati ya hiyo uwe umekaa ndani ya pipa la mti. Huko kwao ulizeeka kwa adabu, gizani, penye ubaridi. Kisha ukapanda meli, ukashukia Kilindini, ukasubiri kontenani, ukaletwa kwa lori na kuwekwa stoo. Mvinyo wa namna hii hupenda nyuzi 12 hadi 14 hivi za joto. Stoo yenye paa la bati mwezi wa Machi, umeme ukiwa umepotea tangu jana, haina habari na mapenzi hayo. Basi ukiambiwa chupa ina miaka 10, piga hesabu: minane ya Italia na miwili ya Malindi, na ile miwili ndiyo iliyofanya kazi kubwa.

Inywe ukipenda. Ni mvinyo wa watu, nami sina la kuongeza.

Jibu la pili ni mnazi, mvinyo wa mti wa jina hilohilo, nalo linataka safari. Shika barabara ya Mombasa, upite Gede na Matsangoni, uvuke daraja la Kilifi, na ukifika Mavueni ukate kulia kwenda Kaloleni. Barabara inapanda. Minazi inaanza kusongamana, na vidumu vya manjano vya lita 20 vinaanza kukupita kwa kasi nyuma ya bodaboda, midomo yake imezibwa kwa makumbi badala ya vifuniko. Hapo umeingia nchi ya mvinyo. Punguza mwendo, na ile glasi ya mguu mrefu uliyoifunga kwenye taulo iache garini.

Shamba

Mgeni wetu amezoea kuona mizabibu imenyooka mistari hadi kwenye jumba la mawe, na jumba hilohilo limechorwa kwenye lebo ya chupa. Kaloleni, Jibana, Ribe, Chonyi na Rabai hawana jumba la kuchora. Mnazi umesimama katikati ya mahindi, mwembe upande huu, mkorosho upande ule, mbuzi amefungwa shinani. Kwa kuwa ni mtu wa kupenda asili ya kitu, mgeni atataka kujua shamba ni la nani. Tafadhali asiulize kama ana shughuli nyingine siku hiyo.

Swali ni refu kwa sababu huku mti na ardhi si lazima viwe na mwenye mmoja. Mtu anaweza kuwa na minazi yake 12 kwenye ardhi ya binamu yake, akairithisha, akaiweka rehani, hata akaiuza, na ardhi isiguswe. Mwanaanthropolojia Mwingereza David Parkin alikaa na Wagiriama wa Kaloleni miaka ya 1960, na kitabu alichokitoa mwaka 1972, Palms, Wine and Witnesses, kimejengwa juu ya jambo hili. Miti ilikuwa ikinunuliwa na kuwekwa rehani bila karatasi. Hati ilikuwa vichwani mwa wazee walioshuhudia mapatano, na wazee hao walishuhudia wakinywa. Ugomvi ukizuka baada ya miaka mingi, mwenye mashahidi ni yule ambaye muda wote huo hakuwaacha wazee wakauke koo. Bordeaux huthibitisha asili ya mvinyo kwa daftari. Kaloleni ilithibitisha asili ya shamba kwa mvinyo.

Sasa lije jambo ambalo ningependa kila mwandishi wa lebo za chupa alisome. Parkin aliona kwamba miongoni mwa wanaume waliokuwa wakikusanya minazi kwa wingi, wale waliokuwa wakiinuka kwa biashara ya kopra, wengi walipandwa na pepo, tena pepo wa Kiislamu. Mganga akishampunga mgonjwa alibaini kwamba pepo huyo hataki tembo wala nyama isiyochinjwa kihalali, na kwamba dawa ni mgonjwa asilimu. Matokeo yake, hakuna jirani aliyeweza kumlaumu mtu huyu kwa kutoonekana akiwanunulia wenzake mnazi jioni nzima. Maradhi ni maradhi. Pesa zikabaki mfukoni, akaongeza minazi. Kwa hiyo ukimkuta mwenye miti mingi ambaye hagusi kinachotoka kwenye miti yake, usiharakishe kuuhukumu mnazi wake.

Chini ukandani, karibu na bahari, mambo yana uchungu zaidi na mzaha hauwezi kukaa hapo muda mrefu. Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya 1908 ilifungua mlango wa madai ya watu binafsi kwenye ukanda wa maili 10, na Wamijikenda wengi wakatoka humo mikono mitupu, wakawa maskwota kwenye ardhi waliyoilima. Kwa miaka mingi wenye hati wamekuwa wakali kuhusu jambo moja: skwota apande mahindi, apande mihogo, lakini asipande mti wa kudumu. Walijua wanachokiogopa. Mnazi mrefu wa pwani huanza kuzaa baada ya miaka sita hadi minane, na ukishaanza unaweza kuendelea hadi ukapita 60. Anayeupanda ametangaza kwamba atakuwepo, na kwamba wajukuu wake watakuwepo. Hakuna wakili anayelisema hilo kwa uwazi zaidi.

Basi mgeni anayetaka umri na atazame juu. Mti alioegemea huenda ulipandwa kabla Kenya haijapata bendera. Umri wote wa mvinyo wa pwani uko mle, kwenye shina. Kinywaji chenyewe kimezaliwa leo.

Mwaka wa mavuno

Bordeaux hujivunia 1961 na 1982. Kaloleni hujivunia saa nne.

Ili uelewe kwa nini, mtazame mgema. Anapanda kwa vidato vilivyokatwa shinani, kotama kiunoni, kibuyu au kidumu kidogo kinaning'inia. Juu kule amechagua karara ambalo halijafunguka, amelifunga kamba lisifumbuke, na amelikata ncha. Utomvu unatona. Kila apandapo analikata tena kipande chembamba, kwa sababu kidonda kikikauka hakitoi kitu, na hupanda asubuhi na jioni, wengine na mchana pia, kila siku, mti baada ya mti, mvua iwe au jua. Mti mzuri humpa lita moja hadi mbili hivi kwa siku. Karara hilo halitazaa nazi tena. Mwenye mti amechagua kunywa badala ya kula, au mgema aliyekodi mti amemchagulia. Kuhusu kuanguka sitasema sana. Wagema huanguka, na wanaoanguka kutoka urefu ule mara nyingi hawapandi tena. Mgeni anayelalamika kwamba bei imeongezeka na asimame chini ya mnazi mmoja mrefu, ainue kichwa, ahesabu vidato hadi juu, kisha aje tuzungumze.

Kinachotona hakingoji pipa. Chachu ya jana imeshika kwenye kuta za kibuyu, nyingine imeletwa na upepo na wadudu, na sukari ni nyingi mno kuiacha ikae bure. Saa chache tu baadaye kileo kimefika kama asilimia nne. Kesho yake kimezidi hapo, na tindikali imeanza kukifuata nyuma. Keshokutwa tindikali imekipita. Maisha yote ambayo Barolo huyaishi kwa miaka 30, utoto, ujana, utu uzima, ukongwe na kuharibika, mnazi huyamaliza kabla hujarudisha gari la kukodi.

Kwa hiyo madaraja ni haya, na hayakuhitaji maonyesho ya Paris. Kuna mtamu, ambao umeteremshwa sasa hivi, mweupe, una povu jepesi, na mgeni huunywa akicheka kwamba hiki mbona ni sharubati. Huyo ndiye utamkuta amelala chini ya mwembe saa tisa. Kuna uliokolea, ambao utamu na ukali vimefika mahali pa kuheshimiana. Huu wanywaji wenye umri huungoja bila haraka, wakizungumza mambo mengine, na mwenye mangwe, yaani mahali pa kunywea, hatakuambia uko tayari lini, utaona tu watu wamekaa vizuri zaidi. Kuna mchungu, ambao umelala, wenye wapenzi wake wagumu na bei ndogo. Na kuna daraja la nne, ambalo nitalifikia mwishoni.

Hali ya hewa nayo inahesabiwa, maana mgeni atauliza. Mwaka wa mvua nyingi miti hunenepa. Siku ya mvua nyingi kibuyu hunenepa pia, kwa maji, na hakuna aliyedhulumu mtu.

Kwa mkaidi

Kuna mgeni ambaye ukimweleza yote haya bado atasema: lakini kama tungeuweka kwenye pipa? Huyu apelekwe Sri Lanka. Kule tembo la mnazi huchemshwa na mvuke wake kukusanywa, kinachopatikana kikawekwa kwenye mapipa ya mti uitwao halmilla kikae miaka, kikauzwa kwa jina la araki kwenye chupa zenye lebo za dhahabu. Hapa Kenya aliyejaribu kuchemsha alikuwa anatengeneza chang'aa, ambayo ilipigwa marufuku kwa sheria yake maalumu mwaka 1980, na sheria hiyo haikuondolewa hadi 2010. Chang'aa wakati huo haikuwekwa kwenye pipa ili izeeke. Iliwekwa shimoni ili isionekane.

Ghushi

Tunafika mahali ambapo mgeni anaweza kupoteza pesa, kwa hiyo asome taratibu.

Mwaka 1985 Christie's wa London waliuza kwa pauni 105,000 chupa moja ya Lafite iliyosemekana ni ya 1787, na kwamba ilikuwa mali ya Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, herufi za jina lake zikiwa zimechongwa kiooni. Miaka ikapita, tajiri mmoja aliyenunua chupa nyingine za kundi lilelile akaajiri wachunguzi, nao wakasema herufi zile zilichongwa kwa kifaa cha umeme. Jefferson hakuwa na umeme. Kisha akaja Rudy Kurniawan, mzaliwa wa Indonesia, aliyekuwa akichanganya mvinyo wa bei nafuu jikoni kwake California na kuutia kwenye chupa za majina makubwa. Alipatikana na hatia New York mwaka 2013, na mwaka uliofuata akahukumiwa miaka 10.

Hao wote walikuwa wakidanganya upande mmoja. Walikichukua kitu kichanga wakakitia uzee.

Kaloleni hakuna atakayekushitaki kwa kusema mnazi wako ni wa kale. Watu watakupa pole. Uongo wa huku huenda upande wa pili. Kilichobaki jana hutiwa maji kidogo, sukari ya dukani vijiko kadhaa, kikatikiswa hadi kikatoa povu, kikaletwa mbele yako kama kilichoteremshwa asubuhi. Ni kazi ya kumpaka mzee hina akaposwe. Utakijua kwa namna mbili. Kwanza, sukari ya dukani hutangulia mdomoni na kukuacha peke yako na uchachu, ilhali utamu wa mti huja pamoja na uchachu na huondoka pamoja nao. Pili, tafuta nyuki. Mnazi wa kweli umeteremshwa kutoka mahali ambapo nyuki walikuwa na karamu, na baadhi yao waliikinai wakafia humohumo. Mgeni akiwaona huita mwenye mangwe kwa sauti ya juu. Mwenyeji akiwaona hunyamaza, akashukuru. Ile chupa safi isiyo na hata mguu wa mdudu ndiyo ya kuulizia maswali.

Kuna ghushi ya tatu ambayo haina utani: kileo kisichojulikana kilichoongezwa ili mnazi dhaifu upige. Mnazi unaokulevya kabla hujaumaliza uache mezani na uondoke. Aliyekuuzia hatakwenda nawe hospitali.

Alama

Mmarekani Robert Parker alizoesha dunia kuupa mvinyo alama hadi 100, na kwa miongo kadhaa wenye mashamba wa Ufaransa walikosa usingizi wakimngoja aandike. Mgeni wetu ana daftari dogo la kazi hiyo. Alifiche. Wahenga wa pwani hii walishalifikiria suala la kumsifu mgema na wakatoa uamuzi, nawe unaujua vizuri kiasi kwamba sina haja ya kuukariri, unahusu maji. Mwenyeji akipewa mnazi wa ajabu, mnazi ambao angeuota usiku, hutazama pembeni na kusema, "Si mbaya." Mgema naye hujibu kwamba mti wenyewe unachoka. Wote wawili wameelewana, na kesho mnazi utakuwa vilevile. Ukitaka kutoa alama 98, zitoe kwa kurudi.

Kuonja

Mahali panaitwa mangwe. Panaweza kuwa kibanda cha makuti, panaweza kuwa mabenchi matatu chini ya mkorosho. Anayepaendesha mara nyingi ni mama, naye utamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama wenzako wanavyomwita. Ni desturi ya zamani na yenye heshima: Mnyazi wa Menza, yule aliyewaapisha Wagiriama wasiwafanyie kazi Waingereza mwaka 1913, dunia inamjua kwa jina la mwanawe Katilili, yaani Mekatilili. Wanaume wazima waite mzee au baba hata kama wamekuzidi mwaka mmoja. Salimia benchi zima kabla ya kukaa. Mtu anayeingia mangweni akaagiza kabla ya kusalimu huhudumiwa, ila hubaki mgeni hadi anapoondoka.

Hotelini mhudumu hukumiminia tone uonje wewe, useme linafaa. Mangweni mpangilio ni kinyume: anayekupa huonja kwanza, mbele ya macho yako. Usimwambie haina haja. Anakuonyesha kwamba hakuna kilichotiwa humo, si cha dukani wala cha mganga, na hiyo ni hati ya ubora ambayo hakuna ofisi ya Nairobi inayoweza kuipiga muhuri.

Utapewa mrija. Mrija wa asili ni wa unyasi, na ncha yake ya chini ina nyuzi za kuchujia ili wale nyuki tuliowasifu wabaki walipo. Vuta taratibu. Usitikise chombo, mashapo yamelala chini kwa sababu. Usisukutue. Na kwa jina la wazee wa nyumba ile, usiteme. Najua huko mashambani kwao waonjaji hupewa ndoo ya kutemea ili wamalize chupa 40 wakiwa wima. Huku kutema ulichopewa ni tusi. Kama ni lazima kitu kimwagike, kuna njia yake: mzee atadondosha kidogo ardhini kwa ajili ya koma, wale waliotangulia, ambao nao walipenda mnazi na hawajaacha. Mgeni akiona hivyo asidhani mzee amegundua kasoro kwenye mnazi. Anyamaze tu, amalize chake.

Kuna hatari moja ya heshima. Mnazi huku ni kinywaji, na pia ni malipo ya mashauri. Wazee wakiketi kusuluhisha, kukiwa na posa, kukiwa na faini, kitu kinachoitwa kadzama hutajwa, na maana yake ni kwamba mtu fulani atoe mnazi, au siku hizi pesa za mnazi, ndipo maneno yasogee. Kwa hiyo ukialikwa nyumbani kwa watu, ukakuta wazee wamevaa vizuri, mtungi umewekwa katikati, na binti uliyekuwa ukimchekea wiki nzima haonekani popote, usianze kunusa. Uliza kwanza umekuja kufanya nini.

Saa nazo zina mambo. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo wanywaji waliibatiza jina la mbunge aliyeipigania, John Mututho, iliziwekea baa saa: siku za kazi kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku, na wikendi na sikukuu kuanzia saa 8 mchana. Ni sheria iliyotungwa na watu waliofikiria chupa. Bia ikiambiwa ingoje hadi saa 11, inangoja. Mnazi ulioteremka alfajiri ukiambiwa ungoje hadi saa 11 unakuwa mwingine, mkali zaidi kuliko ule ambao mtu angekunywa mchana akaenda zake. Mimi si mwanasheria, na sikushauri uivunje. Nasema tu kwamba waliotaka watu wanywe kidogo wangeanza kwa kuuliza kinywaji chenyewe huchacha lini.

Na ukishuka kurudi mjini, kumbuka uko wapi. Malindi na Takaungu ni miji ya kale ya Waislamu, yenye misikiti iliyokuwepo kabla Bordeaux haijapanga madaraja. Kidumu chako kisipitishwe barazani mwa watu, hasa Ijumaa, na usimwombe dereva wa tuktuk mwenye kofia akushikie kwa muda mfupi tu. Atakataa kwa upole mwingi, na utajiona mdogo.

Kubeba nyumbani

Hii ndiyo sehemu ambayo wasiosoma miongozo huisoma wakiwa wameshachelewa.

Mgeni amependa. Anataka kumpelekea rafiki yake wa Nairobi, yule aliyemwazima kile kitabu cha mvinyo. Ananunua lita tano, anazitia kwenye kidumu safi, anakaza kifuniko kwa nguvu zake zote kama alivyofundishwa kuhusu hewa kuwa adui wa mvinyo, anaweka kidumu kwenye buti, anaelekea Voi. Hewa ni adui wa mvinyo ule mwingine. Mnazi unaendelea kuchacha njiani na kutoa gesi kila dakika, joto la buti linauchochea, na kabla hajafika Mariakani kidumu kimevimba pande zote. Kile kitakachotokea baadaye kitakaa kwenye zulia la gari hadi litakapouzwa, na mnunuzi atapunguza bei. Sasa umeelewa kwa nini vidumu vya bodaboda vimezibwa makumbi: gesi itoke, mnazi ubaki. Fanya vivyo hivyo, na uendeshe kama aliyebeba mayai, ama unywe ulichonunua pale uliponunua, jambo ambalo ndilo ninalolipendekeza.

Ukipuuza yote, ukaufikisha Nairobi salama, ukausahau stoo, utakuwa umefikia lile daraja la nne. Usimwage. Mnazi uliozeeka ni siki, nyeupe, kali, yenye harufu yake, na kwa achari ya embe na kachumbari hakuna ya dukani inayoifikia. Huo ndio mnazi wa kale pekee utakaoupata kwenye pwani ya Malindi na Kilifi, na ukimwomba mama wa mangwe atakupa chupa nzima kwa bei ndogo kuliko ile ya kizibo cha Barolo.